Gundi ya Nati Ikionekana Mbichi, Hatujakuibia

"Fundi, mmenipaka rangi tu, gundi hamjaweka." Maneno haya yamekuwa ya kila mara hapa gereji kwetu Mwanga, Kigoma, kila tunapofunga kwa gundi ya nati, ile ya majimaji inayopakwa kwenye bolti ili nati isilegee kwa mtikisiko. Mteja anagusa pembeni mwa nati, kidole kinatoka na buluu ya gundi bado mbichi, anajua ameliwa hela yake. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alidai arudishiwe pesa yote mbele ya wateja waliokuwa kwenye benchi, na hatukufurahi hata kidogo, kwa sababu kazi ile ilifanywa vizuri na tuna hakika nayo. Basi tumeona tueleze hapa, ili ukija ujue unacholipia.

Rangi ya mlango na gundi ya mbao hukauka zikipata hewa. Gundi ya nati ni kinyume chake: hewa ndiyo inayoizuia isigande. Palipo na oksijeni itabaki majimaji hata ungeisubiri wiki nzima. Ili igande inataka mambo mawili kwa pamoja: hewa iondoke, na yenyewe iguse madini ya kuichochea, kama chuma cha kawaida, shaba au brasi. Ukishakaza nati, katikati ya meno ya nati na ya bolti hewa haipo tena na chuma kipo pande zote, kwa hiyo gundi inageuka plastiki ngumu inayojaza kila nafasi iliyobaki kati ya jino na jino. Ile iliyofinywa ikatokeza nje iko hewani, haitaganda. Hiyo ndiyo unayoigusa. Ifute kwa kitambaa, imeisha.

Kuna kijana alinunua chupa kwetu akaenda kujifanyia mwenyewe nyumbani. Akapaka bolti zake zote jioni, akazipanga dirishani "zikauke kwanza", asubuhi azifunge. Alirudi nazo kwenye mfuko: bado mbichi, zimejaa vumbi na nywele za paka. Gundi ilikuwa nzima kabisa. Ilitakiwa ipakwe, na hapo hapo bolti ifungwe.

Hata chupa yake imetengenezwa kwa sababu hiyo hiyo. Ni ya plastiki laini inayopitisha hewa kidogo kidogo, na kiwandani haijazwi, inaachwa na nafasi ya hewa juu, la sivyo ingeganda humo humo ndani. Kwa hiyo ukinunua ukaikuta haijajaa, hatujaipunguza. Na iliyodondoka kwenye meza usiirudishe chupani, maana ikibeba unga wa chuma inaweza kuharibu yote.

Siyo kitu cha kubahatisha hiki. Profesa mmoja wa kemia, Vernon Krieble wa Trinity College, mji wa Hartford, Marekani, ndiye aliyeitoa mwaka 1953, na ndiyo hiyo inayouzwa mpaka leo kwa jina la Loctite. Siku hizi wanaotengeneza za aina hiyo ni wengi.

Sasa tuje kwenye muda, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo. Kwenye chuma cha kawaida gundi inashika ndani ya dakika 10 mpaka 20 hivi, lakini nguvu yake kamili inaifikia baada ya saa 24. Joto letu la Kigoma linasaidia, hatuna baridi ya kuichelewesha sana. Tunapokwambia pikipiki ilale gereji, tunamaanisha ilale. Yule kijana wa bodaboda aliichukua jioni ile ile kwa sababu alikuwa na abiria wa Ujiji, na alfajiri akapitisha spana mwenyewe kwenye bolti za sproketi, lile gurudumu la meno linalopitiwa na cheni, "kuhakikisha". Gundi iliyokwisha kushika ukiizungusha unaivunja, na ikivunjika haijiungi tena. Ni kufungua, kusafisha meno kwa brashi ya waya, kupaka upya. Tulimfanyia hivyo na akalipa mara ya pili, ndiyo hasira yake yote. Lakini afadhali yeye aliyerudi mapema. Tumeshapokea pikipiki iliyotoka barabara ya Kasulu, bolti za sproketi zimelegea njiani, cheni imeruka na kupasua kava ya injini. Fedha ya kava ile ingefunga bolti za pikipiki nyingi sana.

Wengine wanatuambia, "Fundi, hiyo gundi yako ghali, tia tu supagluu." Supagluu inashika kwa unyevu, na ikikauka inakuwa kavu ya kukatika. Haivumilii mtikisiko wa injini. Mzee mmoja mwenye boti pale Kibirizi alifunga kwa supagluu bolti za bamba linaloshikilia injini. Zilianza kulegea akiwa ziwani usiku na wenzake, wakarudi nchi kavu kwa kupiga kasia huku mmoja ameikumbatia injini isizame. Alipotuletea, unga mweupe wa supagluu ulikuwa unapukutika kwenye meno kama chumvi.

Na mara nyingine ni kweli gundi inachelewa, hatukatai. Bolti mpya za dukani nyingi zimepakwa zinki. Zinki, stenlesi na alumini haziichochei gundi kama chuma kitupu, kwa hiyo inakwenda polepole sana, na pengine isifikie nguvu yake yote. Mama mmoja anayekamua mawese alitununulia bolti za namna hiyo, zinang'aa, kwa ajili ya puli ya mashine yake, akashangaa kwa nini kwenye bili kuna praima. Praima ndiyo inayofanya kazi ambayo zinki haiwezi: unapuliza, unaacha ikauke, ndipo unapaka gundi. Tusingeiweka, puli ingeanza kucheza katikati ya msimu, na mawese hayasubiri.

Uchafu nao. Tambara lililochovywa mafuta ya taa halisafishi, linaacha mafuta juu ya chuma, na gundi inakaa juu ya mafuta badala ya kushika chuma. Sisi tunatumia asitoni au dawa ya kusafishia breki, tena mara mbili, bolti na tundu lake. Tundu lisilotokea upande wa pili tunadondoshea gundi chini ndani yake, kwa sababu ukipaka bolti peke yake, hewa iliyonaswa mle inaisukuma gundi yote nje. Mteja anamwona fundi ameinama na kijiti cha pamba kwenye tundu moja muda mrefu, anadhani anazubaa. Hapo ndipo hela yako inapofanya kazi. Tone la gundi ni bei ndogo, tunachokutoza ni usafi.

Kuna kazi tunazikataa. Bolti iliyokula meno haiponi kwa gundi: nafasi ikiwa kubwa haigandi inavyotakiwa, na hata ikiganda haibebi mzigo. Hapo ni kupiga tepu upya, yaani kuchonga meno mapya, au kubadilisha. Na kwenye plastiki hatuipaki, maana plastiki za aina nyingi inazipasua. Tumeshaona vishikio vya taa vimejaa nyufa kwa sababu mtu alitaka skrubu isilegee.

Mwisho, kuhusu kufungua. Kwa kawaida tunatumia ya buluu, inayofunguka kwa spana ya mkono ukiweka nguvu kidogo. Nyekundu tunaiweka tu pale tusipotegemea kufungua tena karibuni, na tunaandika kwenye risiti yako. Ukikuta imeandikwa nyekundu, usiongeze bomba kwenye mpini wa spana, utaikata bolti ibaki ndani. Inatakiwa ipashwe moto hapo hapo kwenye nati, nyuzi joto 250 za Selsiasi hivi, ifunguliwe ingali ya moto. Kama ipo karibu na tangi la petroli au sili ya mpira, ilete gereji. Kwa bolti tuliyoifunga sisi, kuipasha moto na kuifungua hatutozi, mradi una risiti.