Diski ya mgongo: tuache kuuza udogo wa tundu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie matangazo yanayodai kwamba maumivu ya kiuno sasa yanamalizwa kwa "tundu dogo": unaingia asubuhi, jioni unarudi nyumbani kwa miguu yako. Kuhusu kurudi mapema, hawadanganyi. Tatizo ni kwamba msomaji anabaki akiwaza urefu wa kidonda, wakati swali lake la kwanza lingekuwa kama anahitaji kupasuliwa.

Diski imekaa kati ya pingili na pingili ya mgongo. Nje ni pete ya nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka, na ndani ni ute mzito. Pete ikichanika, ute hutoka na kuubana mzizi wa mshipa wa fahamu. Kiunoni hili huzipata zaidi diski mbili za chini kabisa, ndiyo maana maumivu hushuka kalioni, yakapita pajani hadi chini ya goti. Upasuaji huu, wa kutoa kipande cha ute kinachoubana mzizi, unautibu huo mguu. Anayeumwa kiuno pekee asitarajie makubwa, tundu liwe dogo au pana. Jibu la MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, nalo halijitoshelezi, kwa sababu watu wengi wasioumwa popote, hata vijana wa miaka 20, hukutwa na diski zilizotokeza. Diski iliyotokeza kushoto haielezi maumivu ya mguu wa kulia.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za maumivu, kutembea na mazoezi, kwani mwili wenyewe hukila taratibu kile kipande kilichotoka. (Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii, hudhoofisha misuli.) Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja walikuwa sawa na waliosubiri, ingawa karibu 4 katika kila 10 wa kundi la kusubiri waliishia kupasuliwa. Mwaka 2009, huko huko Uholanzi, upasuaji wa kupitia bomba, ndio huo wa "tundu dogo", ulilinganishwa na ule wa kawaida wa hadubini. Waliopitishiwa bomba hawakupona vizuri kuliko wenzao.

Kazi yenyewe iko hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha hulazwa kifudifudi huku tumbo likining'inia bila kugusa meza. Hili linaonekana dogo, lakini tumbo likibanwa, mishipa ya damu inayouzunguka uti hujaa na kuvuja, na ndani ya bomba la milimita 18 kijiko kimoja cha damu kinatosha kuficha kila kitu. Eksirei hupigwa pale pale mezani kuhakikisha ni pingili sahihi. Ngozi hukatwa kama sentimita 2, pembeni kidogo ya mstari wa katikati. Misuli haikatwi, hutanuliwa kwa mabomba, jembamba kwanza, kisha pana zaidi likivishwa juu yake. Chini ya hadubini hupunguzwa ukingo wa mfupa, hufunguliwa kano ya manjano iliyo kati ya pingili, mzizi wa mshipa husogezwa polepole, na kipande hutolewa kwa koleo. Mara nyingi ni cheupe chenye nyuzinyuzi, kama nyama ya kaa.

Hatari mojawapo inatokana na huo udogo wenyewe: kukosea pingili. Mpasuaji haoni mgongo mzima, na wapo watu wenye pingili 6 za kiuno badala ya 5, hivyo anayehesabu kutoka chini na anayehesabu kutoka juu hufika mahali tofauti. Eksirei irudiwe bomba likishakaa, si kabla tu ya kukata. Utando wa uti unaweza kuchanika na maji yake kuvuja, na mgonjwa akaumwa kichwa kila akiinuka. Koleo likipitiliza pete ya mbele hukuta mishipa mikuu ya damu. Hili ni nadra, ila linaua.

Baada ya upasuaji, tundu la kwenye pete halizibi upesi. Wagonjwa 5 hadi 10 katika kila 100 hutokwa na diski ile ile tena. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na haifai kuinuliwa wiki 6 za mwanzo, wala kukaa kwa saa nyingi bila kunyanyuka. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo nayo isubiri. Matangazo hayayataji haya, na tunadhani yangelazimika.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hayo ya kusubiri hayamhusu. Ni yule ambaye mkojo umegoma kutoka au unatoka bila habari, amekufa ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, au miguu yote miwili inalegea. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti imebanwa kwa pamoja, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kibofu kurudi kufanya kazi. Huyo apelekwe usiku huo huo kwenye hospitali yenye mpasuaji wa mgongo, na apasuliwe kwa njia yoyote mpasuaji anayoimudu.

Ni sisi,
Wahudumu wa chumba cha upasuaji na fiziotherapia,
Dar es Salaam