Barua kwa mwanangu: kadi tatu na unga wa nyumbani

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako wenye namba za madeni yako ya kadi za mkopo. Umefanya vema kuziandika zote, hata ile kadi ya duka uliyoiweka mwisho kabisa, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa wa aibu akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Sasa tuzisome. Kadi ya duka: dola 2,400, riba asilimia 30 kwa mwaka. Kadi kubwa ya benki: dola 3,100, asilimia 24. Ile ndogo: dola 900, asilimia 21. Jumla dola 6,400.

Huku kwetu mtu wa bank lambert, yule mkopeshaji wa mtaani, anakupa dola 100 leo, na mwisho wa mwezi anataka 130. Kadi yako mbaya kuliko zote inataka dola 2.50 kwa mwezi kwa kila mia, kwa hiyo utasema afadhali hiyo. Lakini mtu wa bank lambert utamkuta asubuhi amekaa mbele ya mlango, majirani wanamwona, na ndiyo maana watu hujinyima mpaka wamalizane naye. Kadi haigongi mlango. Inaomba kidogo, inakushukuru ukilipa, kisha inakufungulia nafasi ya kukopa tena.

Tazama hicho kidogo kinavyotengenezwa. Kwa kadi nyingi za huko Marekani malipo ya chini ni asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi huo. Kwenye dola 3,100 riba ya mwezi ni dola 62, asilimia 1 ni dola 31, unaombwa 93. Unalipa 93 na kujiona umepiga hatua, kumbe deni limepungua kwa 31 tu. Na riba haisubiri mwisho wa mwezi, inahesabiwa kila siku: asilimia 24 ukiigawa kwa siku 365, deni hilo linakula kama dola 2 kwa siku, uwe kazini, kanisani au kitandani. Kadi zote tatu zinakula karibu dola 138 kila mwezi. Fungua taarifa ya mwezi ya kila kadi utafute jedwali dogo ambalo watu hulipita. Sheria ya Marekani ya 2009 inazilazimisha benki kuandika hapo utachukua miaka mingapi ukilipa malipo ya chini peke yake, na ulipe kiasi gani kwa mwezi ili umalize kwa miaka 3. Lisome kabla hujaendelea na barua hii.

Kuna jambo moja nadhani hulijui, maana ungelijua usingekuwa unanunua mkate kwa kadi. Mtu asiye na deni lililobaki kwenye kadi anapewa siku zisizo na riba tangu anunue hadi tarehe ya kulipa. Ukibakiza deni mwezi hadi mwezi, siku hizo zinaondolewa, na kila kitu kipya kinaanza kulipiwa riba siku ileile unayonunua. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuacha kuzitumia zote tatu, kabla hata ya kuongeza malipo. Kadi zenyewe ziweke kwenye bahasha nyumbani. Halafu ingia kwenye simu, kwenye kila programu ya kununua nguo, chakula na usafiri, ufute namba zilizohifadhiwa humo. Hapo ndipo penye ugonjwa: kidole kinabonyeza mara moja na sahani ya dola 12 inafika mlangoni ikiwa ya 20 na zaidi, kwa gharama ya kuiletea na bakshishi juu yake. Ukilazimika kuamka, kutafuta bahasha na kuandika tarakimu 16, njaa nyingine zinaisha zenyewe.

Sasa nikuulize jambo la kwetu sisi. Pesa unayotutumia inatoka wapi? Kama unailipia kwa kadi ya mkopo, mara nyingi benki inahesabu kwamba umetoa pesa taslimu. Ada yake ya kawaida ni asilimia 5 au dola 10, ile iliyo kubwa; riba yake huwa ya juu kuliko ya manunuzi, na inaanza siku hiyohiyo. Dola 200 za kwetu zinakugharimu dola 10 za benki, ada ya kampuni ya kutuma, na riba kila siku hadi uzimalize. Kuanzia sasa tuma kutoka kwenye akaunti, kwa pesa uliyo nayo. Tuma mara moja kwa mwezi, si dola 40 mara nne, kwa sababu ada inalipwa kila unapotuma. Na iwe dola 150. Nimeshaongea na baba yako, zinatosha. Wanaokuandikia pembeni, binamu wa Katuba na wengine, wajibu neno moja: ongeeni na mama. Nitawajibu mimi.

Bajeti yako nimeipanga hivi, uirekebishe panapostahili. Unalipwa dola 1,400 kila wiki mbili, kwa hiyo hesabu 2,800 kwa mwezi. Nyumba 1,100. Umeme, maji, simu na intaneti 190. Gari, mafuta na bima 330. Chakula 325. Sisi 150. Michango ya misiba na harusi 50. Kadi 450. Zinabaki 205: mia moja iende kwenye akiba ya dharura mpaka ifike 500, na 105 ni za mfukoni mwako, usimwelezee mtu.

Chakula nimekihesabu kwa wiki, dola 75, kwa sababu mwezi unadanganya. Ukigawa kwa 4 utakwama kila mwezi wenye Jumamosi 5. Toa hizo 75 taslimu Jumamosi, ziweke kwenye bahasha yake, nenda nayo dukani na orodha. Bahasha ikiisha Alhamisi, unakula kilichomo ndani ya nyumba mpaka Jumamosi. Pika sufuria kubwa ya maharagi na nyingine ya sombe, majani ya muhogo, Jumapili, gawa kwenye vyombo vidogo, gandisha. Bukari, ugali wetu, ni dakika chache tu. Bajeti za watu hazivunjwi na nyama ya sikukuu. Zinavunjwa na Jumanne jioni, umechoka, jikoni hakuna kilichoiva.

Kosa la pili la bajeti ni vitu vya mara moja kwa mwaka. Bima inayolipwa kila miezi 6, usajili wa gari, matairi: vinakuja kila mwaka, ila vinatushangaza kila mwaka. Vijumlishe, gawa kwa 12, viingie kwenye mstari wa gari. Ile akiba ya 500 ni kwa lisilojulikana. Bila hiyo, pancha moja inakurudisha kwenye kadi.

Kuhusu michango, najua makundi ya simu ya Wakongo wa huko. Hamsini za mwezi zikiisha, andika kwamba utachangia mwezi ujao. Wakinuna, sema mama amekukataza.

Kulipa kwenyewe kuna utaratibu wake. Kila kadi iwekee malipo ya chini ya otomatiki, ili usipigwe faini ya kuchelewa hata siku moja. Kisha siku mshahara unapoingia, palepale, ongeza kinachobaki kwenye kadi ya asilimia 30. Usingoje tarehe ya mwisho, maana riba ni ya kila siku, na pesa iliyokaa kwenye akaunti siku 10 ina tabia ya kupata kazi nyingine. Kwa hiyo 95 kwenye kadi kubwa, 35 kwenye ndogo, 320 kwenye ya duka. Malipo ya chini yatashuka deni linaposhuka. Usishuke nayo, shikilia 450. Kadi ya duka itaisha mwezi wa 9. Zile 320 zinahamia kwenye kadi kubwa, zinakuwa 415 kwa mwezi, nayo inaisha mwezi wa 16. Ndogo inafuata mwezi wa 17. Riba utakayokuwa umelipa jumla ni kama dola 1,245, endapo hutaongeza ununuzi wowote juu yake.

Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo ili moyo upate nguvu. Si ushauri mbaya; kwa madeni yako tofauti ya gharama haifiki dola 100. Kama unajijua kwamba usipoona kadi moja imeisha mapema utakata tamaa, anza na ile ya 900. Mimi ningeanza na ya duka.

Tena, kwa kuwa unalipwa kila wiki mbili, mwaka una mishahara 26, si 24. Miezi 2 ya mwaka italeta mshahara wa tatu ambao bajeti haiuhitaji. Weka 1,000 kwenye kadi kabla hujaiambia familia, hata mimi. Likelemba yenu pia, ule mchango wa kupeana pesa kwa zamu, omba zamu ya mwanzo. Mkiwa 10 na kila mmoja anatoa 100, zile 1,000 za zamu ya kwanza ukizimwaga kwenye deni la asilimia 30 zinakuokolea dola 25 za riba kila mwezi. Zamu ya kumi haikusaidii kitu. Lakini ingia tu kama hiyo 100 itatoka ndani ya zile 450. Ikitoka kwenye chakula, umehamisha deni tu.

Piga simu, namba iko nyuma ya kadi. Uliza mambo mawili: kama wanaweza kushusha riba, na kama wana mpango kwa mteja aliyepungukiwa. Watakataa au watakubali, simu yenyewe ni bure. Kuna pia kadi za kuhamishia deni, bila riba kwa miezi 12 hadi 21, kwa ada ya asilimia 3 hadi 5. Kuhamisha 3,100 kwa asilimia 3 ni dola 93, wakati riba ya sasa ni 62 kila mwezi, kwa hiyo ada inarudi kabla miezi miwili haijaisha. Hatari yake ni moja: kadi ya zamani inabaki tupu, inang'aa, na miezi 6 baadaye mtu ana madeni mawili. Ukiona huwezi kuiacha kwenye bahasha, usihamishe.

Wakikupigia simu watu wanaosema acha kulipa kadi, utulipe sisi tukufutie deni, kata simu. Wanaouza huduma hiyo kwa simu hawaruhusiwi kudai malipo kabla hawajapunguza hata deni moja, na ukiacha kulipa, faini na riba vinaendelea kupanda huku wao wakikupa matumaini. Ukizidiwa kweli, tafuta shirika la ushauri wa madeni lisilo la faida.

Siku utakapomaliza kadi, mwezi unaofuata utaletewa bili ndogo tena, pengine dola 10 au 20. Si wizi. Ni riba ya siku zilizopita kati ya taarifa na malipo yako. Ilipe, ndipo iishe. Watu wengi huidharau bili hiyo, kisha wanapigwa faini ya kuchelewa kwenye kadi waliyokwisha kuimaliza.

Mwezi huu usitume kitu. Unga tunao, mfuko wa kilo 25 haujafunguliwa bado. Nitumie picha za yale majedwali matatu, nataka kuona imeandikwa miaka mingapi.

Mama yako