Kwa nini bado tunakodisha dumu la chuma la mwaka 1937

Mteja akija kuchukua mahema na majiko ya safari ya Ziwa Natron au Loliondo, kabla hajapakia tunamuuliza: mafuta ya akiba utayabebea nini? Wengi wanatuonyesha dumu la njano la plastiki, lile la mafuta ya kula. Kwa maji, dumu hilo halina neno. Kwa petroli, tunamwomba aliache hapa Arusha.

Kwenye rafu rodi plastiki inasuguana na boliti ya keria mpaka inatoboka. Jua likiwaka, mvuke wa petroli unalivimbisha dumu, na gari likipanda kutoka Mto wa Mbu hadi ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, mgandamizo wa hewa ya nje unapungua na dumu linazidi kutuna. Mfuniko wa kusokota haukutengenezwa kwa shughuli hiyo. Unaanza kuvujisha taratibu, harufu inajaa ndani ya gari, na jioni watu hao hao wanawasha jiko hatua chache kutoka hapo. Hilo ndilo linalotutia hofu.

Tunachokodisha ni dumu la chuma la lita 20, umbo lile lile lililobuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa matumizi ya jeshi, kazi ya mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller mjini Schwelm. Vifaa vipya vya kambi tunavipokea kila msimu na vingi ni vizuri kweli. Cha kulizidi dumu hili bado hatujakiona.

Lishike ulitazame. Juu lina vishikio vitatu. Likijaa petroli lina uzito wa karibu kilo 20, na mtu mmoja anashika cha katikati. Likimwelemea, watu wawili wanashika kila mmoja cha upande wake. Yakiwa matupu, mtu mmoja anabeba manne, mawili kila mkono, kwa kushika pamoja vishikio vya pembeni vya madumu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Nyuma ya vishikio kuna nundu. Ukijaza dumu likiwa limesimama, mafuta hayafiki pale. Hewa inabaki, petroli inapata pa kutanukia, na dumu lililojaa likianguka majini linaelea. Mrija mwembamba unatoka mdomoni hadi kwenye hewa hiyo, kwa hiyo ukimimina mafuta yanatoka kwa mkondo mmoja, hayarukiruki wala kukumwagikia miguuni. Mfuniko unabanwa kwa komeo la mkono, halafu pini inalizuia lisifunguke lenyewe. Huhitaji spana. Hata ile alama kama ya X iliyobonyezwa ubavuni ina kazi: inaipa bati ugumu na kuliwezesha litanuke na kunywea bila kupasuka.

Ubora wake ulijulikana katika Vita vya Pili vya Dunia. Katika jangwa la Libya na Misri, Waingereza walikuwa wakisafirisha petroli kwa madebe mepesi ya galoni 4, ukubwa ule ule wa debe tunalopimia mahindi sokoni. Yalivuja kwenye maungio, na mafuta mengi yakapotea kabla ya kufika kwenye magari. Askari waliona afadhali kulikata debe tupu, kulijaza mchanga na petroli, na kulifanya jiko la chai. Kwa kubebea mafuta waliokota madumu ya Wajerumani kila walipoyapata. Baadaye Uingereza ikayatengeneza yenyewe kwa kuiga. Wamarekani katika toleo lao la kwanza walibadilisha mfuniko, wakaweka wa kusokota unaohitaji spana na faneli, na likawa dumu la usumbufu kuliko lile la asili. Hata hivyo, mwaka 1944 Rais Franklin Roosevelt alisema wazi kwamba bila madumu hayo majeshi yao yasingeweza kuivuka Ufaransa kwa kasi ile.

Stoo tuna vingine vya ukoo huo: jiko la pampu la mafuta ya taa, ambalo Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alilitengeneza mwaka 1892, na kifungua kopo cha P-38 cha jeshi la Marekani, kidogo kuliko kidole. Hivyo tutavieleza siku nyingine.

Ukikodi dumu kwetu, utalipata limekaguliwa kutu ndani na limewekwa mpira mzima wa mfuniko. Mpira huo ndio unaochoka mapema kuliko kitu chochote. Ukiona umepasukapasuka au umekauka, rudisha tukubadilishie. Unapojaza kituoni, literemshe chini kwanza. Usijaze likiwa juu ya plastiki ya bodi ya pikapu, kwa sababu cheche ya umemetuli, yaani umeme wa msuguano, inatosha kuwasha mvuke. Njiani lisimame wima, lifungwe mkanda nje ya gari, mbali na abiria. Lililowahi kubeba petroli lisitiwe maji ya kunywa tena, hata likioshwa namna gani.

Kama una lako la zamani, lilete; kukagua na kubadilisha mpira tunafanya ukiwa unasubiri. Lililotoboka hatulichomelei, na tafadhali usilipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Mvuke unabaki ndani hata dumu likionekana kavu, na moto wa kuchomelea unaweza kulilipua mikononi mwake.