Vijana wanaibiwa kwa jina la rigi

Mhariri, salaam.

Naandika kuhusu hizi kazi za ofsho, yaani za kuchimba mafuta huko baharini, manake naona vijana wetu huku Likoni wanamalizwa. Mtoto wa dada yangu majuzi kampa wakala mmoja Sh80,000, pesa ya chama cha mamake, ati kampuni imepata mafuta bahari ya Lamu na rigi (huo mtambo au meli ya kuchimbia) inachukua watu, kwanza ulipe fomu halafu ulipe medikali halafu ulipe "kuwekewa nafasi". Sasa simu ya huyo wakala imezimwa na ofisi ni duka la kuuza magodoro. Jina lake silitaji hapa, hilo tumeliwacha kwa polisi.

Lakini nyinyi watu wa magazeti pia nawalaumu kidogo, mniwie radhi. Meli ya kuchimba ikija mnaandika kichwa kikubwa ukurasa wa mbele, ikiondoka mikono mitupu habari inakuwa kijisehemu kidogo karibu na matangazo ya vifo, kwa hivyo mtu wa kawaida anabaki na ile ya kwanza tu, kwamba mafuta yapo. Hebu tuhesabu pamoja. 2007 kampuni ya Woodside walichimba kisima cha Pomboo-1 kule blok L5 (blok ni kipande cha bahari anachopewa mtu atafute mafuta), maji yenyewe kina chake kinapita mita 2,000, kikatoka kikavu, yaani hakuna kitu. 2012 Apache wakaja na Mbawa-1, blok L8, gesi wakaikuta lakini si ya kufanyia biashara. 2013 Anadarko na Kubwa-1 na Kiboko-1 (majina mazuri wanajua kuyaweka, hilo siwanyimi). 2014 BG wakachimba Sunbird-1, mafuta yakaonekana na gesi pia, lakini hayakutosha. Halafu Eni na Mlima-1, walianza Desemba 2021, kikavu tena. Katika hivo vyote hakuna hata kimoja kilichotoa pipa moja la kuuza, ukimuuliza kijana pale feri atakuapia kwamba Lamu wanachota mafuta sa hii.

Na hata yakipatikana kweli, kupata si kuzalisha. Kwanza inapita meli ya saizmiki inavuta nyaya za kilomita kadhaa na kupiga mishindo ya hewa ili wasome miamba ilivyolala, na wavuvi wakati huo wanafukuzwa njiani na vile viboti vya ulinzi. Halafu ndio kisima cha utafutaji. Kikionyesha kitu wanachimba vya tathmini wajue ukubwa wake, halafu wanakaa na mahesabu kama italipa, halafu ndio visima vya uzalishaji na mabomba. Majirani zetu Tanzania gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam 2004, miaka 30 hiyo, na ile haiko hata kwenye maji ya kina kirefu.

Lakini kitu ambacho kingewasaidia vijana zaidi ni kujua nani yuko kwenye hiyo rigi. Nimefanya kazi kwenye saplai boti, hizi zinazopeleka mabomba na dizeli na maji na chakula, kwa hivyo naongea nilichokiona. Kampuni ya mafuta ndiyo yenye blok, rigi si yake, ni kama lori la kukodi, mwenye mzigo mwengine na mwenye gari mwengine. Kodi ni laki kadhaa za dola kwa siku kwa zile kubwa, kwa hivyo inakuja na watu wake kamili tayari, kuanzia rastabauti wa kubeba vitu dekini, rafneki wa kufunga mabomba, deriki-man wa juu ya mnara, dreila wa kuendesha mtambo wa kuchimba, mpaka tulpusha mwenyewe, msimamizi wao. Saruji ya kisima ni kampuni nyengine. Yale matope ya kuchimbia wanayoyaita madi, yanayozuia gesi isipande kwa nguvu, kampuni nyengine tena. Mwenye blok pale anaweza kuwa na watu wachache tu, mkubwa wao kampani-man.

Mkitaka ushahidi tazameni ile ajali ya Deepwater Horizon ya tarehe 20 Aprili 2010 kule Ghuba ya Mexico. Dunia nzima inasema BP, na kweli kisima kilikuwa chao, lakini rigi ilikuwa ya Transocean, saruji ya Halliburton, na katika wale 11 waliokufa 9 walikuwa waajiriwa wa Transocean na 2 wa kampuni ya madi. Sasa wakala akikwambia "nakupeleka kwa kampuni ya mafuta ukawe rafneki" ujue hata hajui anauza nini.

Kazi ziko, sisemi haziko. Kisima kikichimbwa huku kwetu kunahitajika stoo bandarini, wa kreni, wa boti, wapishi, watu wa kuongea na wavuvi. Ila ni za miezi miwili mitatu, meli ikimaliza kisima inaziba kwa saruji inakwenda zake. Na mtu hapandi helikopta kwenda rigini hivi hivi, lazima awe amepita ile kozi ya kujiokoa, wanakufunga mkanda ndani ya kibanda cha helikopta wanakizamisha kwenye bwawa kinapinduka na wewe umo ndani, utoke kwa dirisha. Mtoto wa dada yangu hakuwa hata amesikia habari hiyo, na "kusafiri" ilikuwa wiki ijayo.

Halafu kuna hili ambalo sijui kwa nini hamliandiki kila mwezi. Ule mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unakataza wakala kumtoza baharia pesa ya kumtafutia kazi, utalipia pasipoti yako na kitabu cha ubaharia na cheti cha afya basi. Na wakala wa mabaharia anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ofisi ziko hapa hapa Mombasa, mtu anaweza kwenda kuuliza kabla hajatoa hata shilingi.

Kwa hivyo Mhariri, siku nyengine mkiandika meli inakuja andikeni ni kisima cha nini, blok ni ya nani, rigi ni ya nani, vibarua vya huku anaajiri nani, na ikiondoka mtuambie kwa herufi zile zile kubwa imepata nini. Na zile kurasa zenu za matangazo pia muziangalie, mtu akileta la "kazi za rigi, lipa kwanza" mrudishieni pesa yake, hata kama analipia ukurasa mzima.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa