Mwanangu, kabla hujaongeza kidonge kingine geuza boksi usome nyuma

Mwanangu mpenzi,

Pole mama na hayo mafua. Kwenye simu nilikwambia tu usiongeze panadol, ukanuna, nikajua umeona mama anaanza mambo yake. Sa nakuandikia sababu, manake haya mambo hayaelezeki vizuri kwenye simu mtu mwenyewe anapiga chafya kila neno.

Uliniambia tangu asubuhi umekunywa zile dawa za mafua mara nne, viwili viwili, na bado kichwa kinagonga ndo ukataka kuongeza panadol mbili ulale. Hebu chukua lile boksi uligeuze nyuma, kuna maandishi madogo ya kuumiza macho, pale wanapoandika kila kidonge kina nini ndani. Uliponisomea umesoma "parasetamoli 500 mg" halafu ukaruka haraka kwenda kwenye vitu vingine, mi nikabaki palepale kwenye 500. Vidonge nane mara 500 ni 4000 mg, yani gramu 4, na hapo ndo mwisho wa mtu mzima kwa saa 24, tena mtu mzima mwenye afya, mwembamba au mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe anatakiwa aishie chini ya hapo. Panadol ni parasetamoli hiyohiyo. Ungemeza mbili ungekuwa umefika gramu 5 na moyoni unajua umekunywa dawa mbili tofauti. Rangi tofauti, boksi tofauti, jina tofauti, ndani kitu kimoja. Na ukikuta dawa ya Marekani imeandikwa asetaminofeni, ni hiyohiyo pia usije ukadanganyika.

Sasa kwanini inatisha hivyo na kila mtu anaila kama pipi? Kidonge ukimeza kinayeyuka tumboni, kinafyonzwa zaidi kwenye utumbo mdogo, na damu inayotoka kwenye utumbo inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwengine kokote. Ini ndo linaichambua dawa. Parasetamoli nyingi inageuzwa kuwa kitu kisicho na madhara inatoka na mkojo, ila kiasi kidogo kinageuka sumu, na ini lina akiba ya kitu kinaitwa glutathioni kinachoikamata hiyo sumu na kuiua makali. Ukila dozi ya kawaida hujui hata kama kuna vita imepiganwa huko ndani. Ukizidisha akiba inaisha, na sumu inayobaki inaanza kuua seli za ini lenyewe.

Na ubaya wake haiumi mapema, hapo ndo panaponikosesha usingizi mimi. Mtu aliyezidisha anaweza siku ya kwanza akasikia kichefuchefu tu au asisikie chochote, akaendelea na shughuli zake, siku ya pili ya tatu ndo maumivu chini ya mbavu za kulia na macho kuwa ya njano. Dawa ya kuizuia ipo hospitalini, inaitwa asetilisisteini, ila inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo yeyote akizidisha, hata kama anacheka na kusema niko fresh, anapelekwa siku hiyohiyo.

Kitu kingine ambacho watu hawataki kukubali ni kwamba dawa haijui unaumwa wapi. Inaingia kwenye damu inazunguka mwili mzima, kichwani, kwenye figo, kila mahali, ndo maana inachukua kama nusu saa mpk saa nzima kabla hujasikia nafuu. Sasa we unameza, dakika ishirini unaona kimya, unaongeza. Hapana bwana. Subiri. Na kati ya dozi na dozi ziwepo angalau saa 4, zikiwa 6 ni bora zaidi.

Halafu kuna ile familia nyingine, ibuprofeni, diklofenaki, aspirini. Hizi najua unazitumia kwenye hedhi na sikukatazi, kwa kazi hiyo ni nzuri kweli. Mwili una vitu vinaitwa prostaglandini, ndo vinavyochochea maumivu na uvimbe, na wakati wa hedhi ukuta wa mfuko wa uzazi unavitoa kwa wingi mpk mfuko unajikaza, ndo yale maumivu ya kujikunja kitandani. Hizi dawa zinazuia visitengenezwe, kwa hiyo kunywa mapema maumivu yanapoanza, usingoje mpk yakushinde. Aliyegundua kwamba aspirini inafanya hivyo ni John Vane, Mwingereza, mwaka 1971, na 1982 wakampa Nobeli yeye na Waswidi wawili, wakati watu walikuwa wameshaimeza toka 1899 bila kujua inafanyaje kazi, mi hiyo huwa inanichekesha.

Ila prostaglandini hizohizo ndo zinalinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi na zinasaidia damu ifike kwenye figo. Ukizizima unazizima kote. Ndo maana usimeze ukiwa na njaa, usimeze ukiwa unatapika au unaharisha na mwili umekauka maji, na kamwe usichanganye ibuprofeni na diklofenaki ukidhani unaongeza nguvu, unachoongeza ni vidonda vya tumbo. Ukinunua mwenyewe ibuprofeni isizidi 1200 mg kwa siku. Mwenye pumu aulize kwanza. Na mdogo wako usimpe aspirini hata akiwa na homa vipi, watoto chini ya miaka 16 hawapewi bila daktari, inaweza kuwaletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini.

Kuhusu kichwa chako cha kila mara, hesabu siku. Mtu akinywa hizi dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi inapita, dawa zenyewe zinaanza kumuumiza kichwa, anaumwa anameza, anameza anaumwa. Andika tarehe kwenye simu tuone.

Na ile tramadoli, ile dawa kali ya maumivu aliyokupa rafiki yako, uirudishe, au peleka famasi waitupe. Ile si ndugu wa panadol. Inazoeleka mwili unaidai, ukizidisha au ukichanganya na pombe au dawa za usingizi pumzi inapungua mpk inaweza kukata. Anayeiandika ni daktari aliyekupima, sio mtu anayekuonea huruma.

Leo basi, maji mengi, lala, dozi ijayo kesho asubuhi na iwe ya boksi moja tu. Homa ikipanda na shingo ikakaza mpk kidevu hakifiki kifuani, au kichwa kikakupiga ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, usinipigie mimi kwanza, nenda hospitali, utanipigia ukiwa njiani.

Mama yako