Kwa mama wa gauni la gomesi la kijani, Wandegeya, Kampala

Mwanangu ana miaka sita. Taya lilivimba, tukadhani ni jino, tukaling'oa, uvimbe ukazidi. Hospitali ya kwetu Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala: saratani ya Burkitt, ile ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago mwaka 1958. Inatibika, tukaambiwa. Ila basi la Arua ni safari ya usiku kucha, na dawa hutolewa kwa awamu. Baada ya awamu ya kwanza hela ikaisha, tukawa tunalala mkekani nje ya hospitali.

Wewe hukuanza na hela. Uliketi, ukauliza, "Mtoto anakula nini?" Kesho yake ukaleta uji wa mtama kwenye chupa ya chai. Kisha ukatupa chumba cha nyuma ya duka lako, kile cha magunia ya mkaa (uliyatoa mwenyewe, gomesi ikachafuka, ukacheka). Ukapatana na kijana wa bodaboda atupeleke kila siku ya dawa, wewe ukimlipa jioni. Ukanunua kipimajoto, ukasema homa ikipanda, hata saa nane usiku, nigonge mlango. Niligonga mara mbili. Mara zote mbili ulitoka umeshavaa viatu.

Ulikataa jina lako lisemwe, nami sisemi. Lakini ninyi mnaokaa karibu na Mulago, mwenye chumba kinachohifadhi magunia tu, piteni pale mikekani mwulize watoto wanakula nini.

Taya limenywea, mama. Juzi amekula muhogo wa kuchoma.