Sauti za malenga wetu zisiozee kwenye kanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji.

Marehemu baba yangu alikuwa malenga hapa Mikindani. Alituachia madaftari matatu ya mashairi na kopo la biskuti lenye kanda 11 za kaseti. Miaka yote nilidhani urithi ni madaftari.

Mwezi uliopita niliazima redio kaseti kwa jirani, nikaweka kanda ya mwaka 1989, siku baba alipoghani kwenye harusi ya binamu yangu. Anakohoa kwanza, jogoo anawika, mtu anawanyamazisha watoto. Kisha ukaja mstari niliousoma daftarini tangu niko shuleni: "Nchi yetu ya Kusini, wametupa barabara." Siku zote nilielewa kwamba anashukuru, tumepewa barabara, nikawa nashangaa. Barabara gani? Wakati ule Rufiji tulikuwa tunavuka kwa pantoni, na masika yakianza basi la Dar es Salaam lilikwama njiani. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa 2003. Sasa kwenye kanda baba anakaza sauti silabi ya pili: ba-RA-ba-ra. Kumbe nchi yetu wameitupa, tena wameitupa sawasawa! Watu wanaangua kicheko, wanawake wanapiga vigelegele. Nililia, Mhariri. Daftari lisingeniambia hilo hata ningelisoma miaka mia.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Majimaji. Maneno yake tunayo, yalichapishwa. Alivyoughani sijapata kusikia popote. Waingereza wana sauti ya mshairi wao Tennyson, aliyerekodiwa kwenye silinda ya nta mwaka 1890. Sisi leo kila mmoja ana simu mfukoni.

Kanda haziwezi kusubiri. Huku pwani kuna joto, unyevu na chumvi. Mbili za baba zimeota ukungu mweupe, moja utepe umenata. Nyingine mwanangu alirekodia muziki upande wa pili, na kosa ni langu: sikuvunja vile vijipande vya plastiki vya juu vinavyozuia kurekodi tena.

Ombi langu ni hili. Mnachapa mashairi, pokeeni na sauti. Malenga ajirekodi kwa simu, ataje jina, mahali na tarehe, kisha aghani, nanyi muiweke mtandaoni tusikilize. Wenye kanda za wazee wazinakili kwenye kompyuta sasa, na nakala nyingine ikae nyumba tofauti. Ila familia ya marehemu iombwe ruhusa kwanza, maana mashairi ya mafumbo yana watu ndani yake, na wengine wangali hai.

Za baba nimeshanakili nane. Hizo tatu zenye ukungu na kunata sithubutu kuziweka kwenye mashine. Kama yupo fundi Mtwara au Lindi anayejua kuzisafisha bila kukata utepe, naomba ajitokeze kupitia gazeti hili.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara